Besi kongwe: kwa nini gitaa moja lina bei mbili

Gitaa moja la besi linaweza kutajiwa bei mbili siku ile ile, na waliozitaja wote wakawa wakweli. Mpiga besi wa kwaya pale Kijenge, Arusha, atalishika, atapima shingo kwa jicho, atagonga nyuzi zote nne, kisha atasema laki nne, na hapo anaona amekuheshimu. Mkusanyaji wa vyombo vya zamani aliyeko London au Tokyo akitumiwa picha za gitaa hilo hilo atauliza kwanza kama rangi ni ya kiwandani, na jibu likiwa ndiyo, anaweza kutaja pesa ya kununulia kiwanja Usa River. Kinyume chake kipo pia, na ndicho kinachotokea zaidi. Mtu amesikia kwamba Fender za zamani, magitaa ya kampuni ya Marekani, ni mamilioni, basi anang'ang'ania milioni kumi kwa besi ambayo mkusanyaji asingeipokea hata kwa zawadi.

Utapeli upo, lakini haujaleta mkanganyiko wote huu. Hapa kuna masoko mawili yanayokutana kwenye ubao mmoja. Wapigaji wananunua sauti na raha ya mkono. Wakusanyaji wananunua uhalisi, yaani uhakika kwamba skrubu, waya, rangi na vitufe ni vile vile vilivyotoka kiwandani. Na mara nyingi kinachompendeza mmoja ndicho kinachomharibia mwenzake. Ukitaka kununua au kuuza besi ya zamani Arusha au Moshi, amua mapema umesimama soko lipi.

Umri na mstari wa mwaka 1965

Besi ya umeme tunayoijua leo ilianza na Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass, ubao mzito wenye nyuzi nne na freti 20, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, iliyouzwa dola 199.50. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba lile gitaa kubwa la kusimama, refu kama yeye, na bado hakusikika mbele ya tarumbeta. Freti ndizo zilizoipa besi hiyo jina lake: ukibonyeza mahali pake, noti inatoka sahihi bila kubahatisha. Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, walifuata mwaka 1953, Höfner wa Ujerumani wakaleta besi yao yenye umbo la fidla mwaka 1956, na mwaka 1960 Fender wakaongeza Jazz Bass, yenye shingo nyembamba na pikapu mbili, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi.

Januari 1965 kampuni ya utangazaji ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13. Wakusanyaji wamechora mstari hapo. Besi iliyotengenezwa kabla ya mwezi huo, ikiwa kila kitu ni cha asili, huvuka dola 10,000 bila shida. Ya miaka michache baadaye hushuka, na za mwishoni mwa miaka ya 1970, nyingine zenye uzito wa karibu kilo tano, hushuka zaidi. Kwa maoni yangu mstari huo una ushirikina ndani yake. Wafanyakazi wa kiwandani hawakubadilishwa usiku mmoja, na vipuri vya 1964 vilikuwa bado kwenye makasha. Lakini soko likishaamini jambo, bei inafuata imani, na wewe muuzaji huwezi kubishana na wanunuzi wa dunia nzima.

Kisha kuna Wajapani. Miaka ya 1970 viwanda vyao vilinakili magitaa ya Marekani kwa ustadi uliowatisha wenyewe Wamarekani, hadi mwaka 1977 wamiliki wa Gibson wakafungua kesi dhidi ya wasambazaji wa Ibanez, chapa ya Kijapani. Mwaka 1982 Fender waliona heri kushirikiana nao, wakaanzisha Fender Japan. Besi zao za mwanzo, ambazo namba zake huanza na herufi JV, zilikuwa bidhaa za bei nafuu. Leo zinatafutwa kwa tochi.

Nayataja haya ya Ujerumani na Japani kwa makusudi. Mtu wa Arusha anayeota kukuta Precision ya 1962 chini ya kitanda cha babu yake aendelee kuota, haikatazwi. Lakini gitaa lililoachwa na wageni wa usharika rafiki wa Ujerumani, au nakala ya Kijapani iliyovuka Namanga kutoka Nairobi, hayo ndiyo mambo ya kutazamia. Mji huu una historia ya magitaa. Hapa ndipo ndugu wa Kinyonga walipounda Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya, ambako mwaka 1971 ilizaliwa bendi ya Simba Wanyika. Tatizo ni kwamba gitaa la bendi halistaafu. Bendi ikivunjika linahamia bendi nyingine, linavunjika shingo, linapigwa gundi, linapakwa rangi ya gari, linaendelea na kazi. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri mno kwa kupiga, huku soko la wakusanyaji likiwa limeshakiaga zamani.

Kukagua

Namba ya kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo ndiyo kitu cha kwanza ambacho muuzaji atakuonyesha, na ndiyo yenye uzito mdogo kuliko ushahidi wote. Bamba hilo linashikwa na skrubu nne. Dakika tano na bisibisi zinatosha kulihamishia gitaa jingine. Kuanzia 1976 Fender walihamishia namba kwenye kichwa cha gitaa, ila hata jina la kichwani ni karatasi nyembamba ya kubandika ambayo leo inauzwa mtandaoni. Aisee, jina lisikubabaishe.

Ushahidi wenye nguvu umefichwa. Ukifungua zile skrubu nne na kuitoa shingo polepole, mwishoni mwa mti wake utakuta tarehe: kwa penseli kwenye Fender za zamani zaidi, kwa muhuri kuanzia mwaka 1962. Muhuri ukisomeka "7 NOV 62 A", wengi hudhani ni tarehe saba Novemba. Sivyo. Saba ni alama ya aina ya shingo, hapa Jazz Bass, wakati Precision ilipewa tano. Herufi ya mwisho ni upana wa shingo pale juu nyuzi zinapopita: A ni karibu milimita 38, C karibu 44. Kwa hiyo ukikuta muhuri wa saba wenye C juu ya shingo nyembamba, kuna mtu amecheza na wino.

Halafu fungua bamba la vitufe. Chini ya kila kitufe kuna kikopo cha chuma, volyumu kama mafundi redio wanavyoiita, na mgongoni mwake kimegongwa namba. Tuseme 1376632. Tarakimu tatu za kwanza ni kiwanda, 137 ikiwa CTS (Stackpole ni 304), mbili zinazofuata ni mwaka 1966, na za mwisho ni wiki ya 32. Namba hii haikwambii gitaa lilitengenezwa lini. Inakwambia halikuweza kukamilika kabla ya lini, mradi kikopo chenyewe hakijabadilishwa. Mwaka 1966 Fender walinunua shehena kubwa ya vikopo hivi na kuendelea kuitumia kwa miaka, ndiyo maana besi halali ya 1969 inaweza kuwa na volyumu za 1966. Anayekuuzia besi ya 1963 yenye volyumu ya 1966, muombe akueleze vizuri.

Ukiwa bado humo ndani, tazama risasi iliyounganishia waya. Ya kiwandani ikikaa miaka sitini huwa imefifia, ya kijivu, imezungukwa na utomvu wa kahawia. Inayong'aa ni ya juzi. Waya wa Fender za miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya 1960 ulivikwa kitambaa, si plastiki. Risasi mpya si kosa, maana pengine fundi alirekebisha waya uliokatika. Lakini imeshakuambia kwamba mtu amepita humo, nawe sasa una haki ya kuuliza alipita kufanya nini.

Kwa rangi, tumia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia ambayo wakala wa pesa anayo kaunta. Ingia nayo gizani. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi, waliyoitumia Fender hadi karibu 1968, ikizeeka hung'aa manjano-kijani chini ya taa hiyo, na mahali palipopakwa upya panajitokeza kama kiraka. Ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na sijawahi kumuona dalali akikipenda.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa. Angalia uchakavu upo wapi. Mkono wa kulia huchubua rangi pale kiwiko kinapoegemea, kidole gumba huacha alama juu ya pikapu kinapotulia, na freti huliwa zaidi zile za karibu na kichwa kwa sababu ndiko besi nyingi zinakopigwa. Gitaa lililochubuka kila mahali kwa usawa halikuzeeka kazini. Limezeeshwa kwa msasa.

Sauti

Je, besi kongwe ina sauti nzuri kuliko mpya? Hapa naudhi watu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, unazaa umeme kidogo unaokwenda kwenye ampi, yaani kikuza sauti. Mwaka 1957 Precision ilipewa pikapu iliyokatwa vipande viwili, kila kipande kikihudumia nyuzi mbili, na vikipangwa kinyume vinaua mvumo wa umeme. Ubunifu huo upo hadi kwenye besi ya bei poa iliyotoka kiwandani mwaka jana. Uzi mnene wa E unatetemeka mara 41 kwa sekunde uwe kwenye gitaa la 1962 au la leo.

Sehemu kubwa ya sauti ambayo watu huiita ya zamani inatoka kwenye nyuzi. Zipo zilizovikwa waya wa mviringo, zenye mlio mkali na zinazokwaruza kidole, na zipo zilizovikwa utepe bapa, laini, zenye mlio mfupi na mzito. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya 1962 yenye nyuzi za utepe, nene, zilizoinuka juu ya shingo, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Alipiga kwa kidole kimoja. Mtu anaweza kununua besi ya mwaka ule ule kwa pesa ya gari, akaifunga nyuzi mpya za mviringo, akashangaa mbona sauti ile haiji.

Kwa muziki wetu hili lina maana kubwa. Besi ya dansi haijazi kila nafasi. Inasema kifungu kifupi, inanyamaza, inaachia rizimu ijibu. Msikilize mpiga besi Tom Malanga ndani ya bendi ya Les Wanyika. Noti inayokatika upesi inafaa hapo, na nyuzi za utepe kwenye gitaa lolote lililorekebishwa vizuri zitakufikisha karibu. Sebene ya kanisani inataka kinyume, mlio mkali unaokimbizana na ngoma, na hapo nyuzi za mviringo ndizo zenyewe. Zikichoka, wapigaji huzichemsha ili uchafu na jasho vitoke. Inasaidia kwa muda, kisha utafunga nyuzi mpya tu. Za utepe usizichemshe, kaa nazo miaka.

Fundi mzuri, hasara nzuri

Sasa tufike palipo na maumivu. Umenunua besi ya mwaka 1966 yenye freti zilizoliwa, volyumu inayokwaruza, na rangi iliyobanduka. Kama unapiga kila Jumapili, utampelekea fundi. Ataweka freti mpya na volyumu mpya, atapaka rangi nyeusi inayong'aa, na gitaa litapiga kama jipya. Soko la wakusanyaji, kwa kupaka rangi peke yake, limeshaondoa karibu nusu ya bei. Ni sawa na Land Rover ya zamani iliyowekwa injini ya Toyota: porini itakupeleka na kukurudisha, lakini mtunza magari ya kale atageuza uso.

Sisemi gitaa lisitengenezwe. Gitaa lisilopigika ni pambo la ukuta. Ninachosema ni utaratibu: jua kwanza lina umri gani, ndipo umpe fundi ruhusa. Freti mpya, zikiwekwa vizuri, hupunguza kidogo tu, kwa sababu kila mtu anajua freti huisha. Volyumu inayokwaruza mara nyingi inataka kupuliziwa dawa ya kusafishia umeme na kuzungushwa mara kadhaa, siyo kung'olewa. Kikibadilishwa chochote, kile cha zamani kiwekwe kwenye mfuko na mfuko uwekwe kwenye kesi, yaani sanduku la gitaa. Vikopo viwili vya 1966 ambavyo fundi angevitupa ni sehemu ya bei. Kuhusu rangi, ushauri wangu ni mfupi: usiiguse.

Ipo besi moja iliyovunja kanuni hizi zote. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, alikuwa na Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti, zimeng'olewa, mianya ikazibwa na shingo ikapakwa gundi ngumu ya epoksi. Hakuna mkusanyaji ambaye angelalamika akipewa. Lakini thamani hiyo ni ya mikono ya Jaco, na haihamii kwa mtu mwingine anayeng'oa freti zake pale Sanawari, Arusha.

Hewa na umeme

Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Ndani ya shingo kuna chuma kinachopinga mvuto huo. Masika mti unanyonya unyevu, na baridi kavu ya Julai inautoa, hivyo gitaa lililotoka kwenye joto la Moshi likahamia Arusha, mita mia kadhaa juu zaidi, litataka kurekebishwa nati ya chuma hicho kidogo. Kwenye Fender za zamani nati imejificha upande wa bodi, na huifikii mpaka uilegeze au uitoe shingo. Robo mzunguko, kaza nyuzi, subiri, pima. Nati isiyozunguka kabisa ni sababu ya kutonunua. Shingo iliyojipinda kama propela nayo ni hivyo hivyo, hata muuzaji akiapa.

Besi yenyewe haina shida na umeme wetu, ila ampi kongwe inayouzwa pamoja nayo inayo. Iliyotoka Marekani inataka volti 120, ya Japani volti 100, na ukutani kwetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma, utanusa jibu. Hatari kubwa zaidi ni ukumbi usio na waya wa ethi. Nyuzi za besi zimeunganishwa na bodi ya ampi kupitia daraja, kile chuma kinachozishikilia kwenye gitaa. Ampi ikivuja umeme na wewe ukagusisha midomo kwenye maikrofoni ya mfumo mwingine, njia ya umeme inapita kwako. Zile plagi zilizokatwa mguu wa tatu ili ziingie kwenye soketi ya matundu mawili, zikatae.

Kuuza

Kabla ya bei, mwenye mali ni nani? Gitaa lililokaa stoo ya kanisa miaka thelathini si la mwalimu wa kwaya, hata kama ndiye mwenye ufunguo. Mnunuzi makini ataomba muhtasari wa baraza la wazee unaoruhusu kuuza, na muuzaji makini atakuwa nao. Magitaa yana kumbukumbu ndefu. Höfner ambayo Paul McCartney wa Beatles aliinunua Hamburg mwaka 1961 iliibwa mwaka 1972, na baada ya nusu karne ilitambuliwa na kurudishwa kwake.

Kwa mnunuzi wa hapa hapa, picha hazisaidii sana. Mpeleke penye ampi, mwache apige. Kwa wa nje, picha ndizo mali: mwisho wa shingo, migongo ya volyumu, risasi, tundu la pikapu, uchakavu. Kasoro zipige picha kwa karibu kuliko uzuri, kwa sababu atakayeikuta kasoro baada ya kufungua boksi atadai pesa yake. Anayesema atamtuma wakala kuchukua gitaa huku ujumbe wa malipo ukiwa "njiani", mwambie gitaa nalo liko njiani.

Lipo jambo la mti pia. Ubao wa vidole kwenye Fender nyingi za miaka ya mwanzo ya 1960 ni wa rosewood ya Brazili, Dalbergia nigra, ambayo tangu 1992 imewekwa kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Gitaa kama hilo halivuki mpaka kibiashara bila cheti kinachoonyesha kwamba mti ulikatwa kabla ya katazo. Watu wa Moshi hawahitaji kuelezwa sana, maana mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ni ukoo huo huo, na marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho alitumia miaka mingi kuotesha miche yake. Mwaka 2017 ukoo mzima wa Dalbergia uliwekwa chini ya udhibiti, kisha mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa, isipokuwa vya ile ya Brazili. Besi ya rosewood ya India, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi baadaye, inapita bila cheti hicho.

Anayeleta gitaa kutoka nje aweke hesabuni ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, vinavyokokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri, si juu ya bei ya gitaa peke yake. Anayetuma nje alegeze nyuzi kidogo bila kuzitoa, ajaze nafasi chini ya kichwa cha gitaa ndani ya kesi, kwani huko ndiko linakovunjika likiangushwa, na kama ubao wa vidole ni wa Brazili, asipokee hata shilingi ya kishika uchumba kabla cheti hakijawa mkononi.